Nilialikwa usiku wa kukumbuka Ujerumani Mashariki, nikajikuta sebuleni kwa bibi Michenzani

#1 (mleta uzi)

Assalaam aleikum wakuu. Uzi mrefu huu, mwenye haraka apite salama.

Mie mtoto wa Michenzani, Unguja. Tangu Oktoba niko Leipzig, Ujerumani, kwa shahada ya pili. Bweni letu liko Straße des 18. Oktober, mtaa wenye majengo marefu ya zege ya wanafunzi yaliyobaki tangu enzi za Ujerumani Mashariki. Wiki ile ya tarehe 9 Novemba, siku ulipofunguliwa ukuta wa Berlin mwaka 1989, nikakuta karatasi imebandikwa ndani ya lifti: Ijumaa saa mbili usiku, ukumbi wa chini, Ostalgie-Party. Wanafunzi wa kigeni wote karibuni. Vaa kama uko mwaka 1985.

Ostalgie ilibidi niulize. Ost ni mashariki, kilichobaki ni kipande cha neno lao la kutamani ya kale. Yaani hamu ya ile nchi yao, wenyewe huiita DDR, iliyokwisha tarehe 3 Oktoba 1990 ilipoingizwa ndani ya Ujerumani Magharibi. La ajabu ni kwamba waandaaji wote wamezaliwa baada ya 2000. Wana hamu ya nchi ambayo hawakuishi hata siku moja. Nikasema haya, kwetu pia wako vijana wanaolilia zilipendwa ambazo walizaliwa santuri zake zimeshapasuka.

Nguo sikuwa nazo. Dada anayesimamia ghorofa yetu akaniazima shati la bluu la jumuiya yao ya vijana, lina jua la manjano begani, nikalivaa juu ya gauni refu na mtandio wangu. Kisha akaniletea skafu nyekundu ya pioniya, jumuiya yao ya watoto, akataka kunifunga mwenyewe. Akahangaika nayo, kila akivuta inafunguka. Nikamwambia nipe. Nikaifunga mara moja, bila kioo. Akanitazama kama nimemuibia kitu. "Nani kakufundisha?" Nikamjibu nilikuwa chipukizi, darasa la nne, tulikuwa tunapita na skafu mbele ya viongozi sherehe za Mapinduzi, jua la Januari linatuchoma kichwani. Akadhani namtania.

Basi tukashuka. Mlangoni foleni. Foleni ya makusudi! Mezani kakaa kijana na kofia ya kijivu, kanuna kwelikweli, ndiyo kazi aliyopewa usiku ule. Unampa yuro 5, anakupa noti za karatasi za mark walizochapisha wenyewe, anagonga muhuri, halafu anachota kwenye kreti anakupa nusu ndizi. Nusu! Imekatwa kwa kisu, na ganda lake. Enzi zile matunda ya nchi za joto yalikuwa adimu, yakija dukani watu wanajipanga kwanza, kinachouzwa watauliza mbele. Mbele yangu alikuwa kijana wa Ecuador, nchi inayoongoza duniani kwa kuuza ndizi nje, naye kapokea nusu yake kwa mikono miwili kama kadi ya harusi. Tukatazamana mie na yeye. Tulicheka mpaka yule mnunaji akacheka pia, akaharibu kazi yake.

Ndani kuna muziki. Mpiga muziki alikuwa amejibandika kifuani cheo cha enzi hizo, Schallplattenunterhalter, mburudishaji kwa santuri, maana serikali ile haikutaka kusikia neno "DJ". Na kulikuwa na sheria tangu 1958: asilimia 60 ya nyimbo zitoke nchi za kijamaa, 40 tu ndiyo ziruhusiwe za Magharibi. Usiku ule aliweka ubao ukutani na chaki. Kila ukiomba wimbo wa Kimarekani anatazama ubao, anatikisa kichwa, anakupigia bendi ya Berlin Mashariki. Wahindi walikuwa wa kwanza kumzoea, nao wakaanza kuomba nyimbo za Kibulgaria ili wapate akiba.

Sasa chakula. Sufuria ya kwanza kadi yake imeandikwa Tote Oma. Kijerumani changu ni cha kuombea maji, lakini hayo maneno mawili nayajua: Bibi Aliyekufa. Ni uji wa damu na nguruwe, nikasogea mbali na yeye, Mungu amrehemu. Pembeni kuna sahani ya keki, kadi imeandikwa Kalter Hund. Mbwa Baridi. Nikamwita yule dada nikamwambia sikilizeni, mimi Muislamu, kwanza mnanipa bibi mfu, sasa mbwa. Akacheka mpaka machozi. Kumbe ni biskuti zimepangwa safu safu na chokoleti, haiokwi, inagandishwa tu. Na kinachoigandisha ni mafuta ya nazi.

Nikaonja. Wallahi nazi ilikuwemo, kwa mbali, nyuma ya chokoleti.

Narudi, chaji inaisha. Kisa chenyewe bado.

#2

Nusu ndizi! Mtoto wa Unguja kapangwa foleni kwa nusu ndizi! Naomba uthibitishe kama ilikuwa mzuzu au kisukari kabla sijaendelea kusoma.

#3

Uzi bila picha ni hadithi ya kando ya bahari. Na usitukimbie.

#4 (mleta uzi)

Nimerudi. Picha za watu siweki, sijawaomba ruhusa. Ndizi ni zile zao ndefu hazina ladha, mkuu #2.

Kisa chenyewe. Kona ya ukumbi walitengeneza sebule ya DDR. Karatasi ya ukutani ya maua makubwa ya rangi ya machungwa, kochi fupi, redio, kitambaa cha kufuma juu ya meza. Ukuta mzima umechukuliwa na kabati moja refu la kahawia linalong'aa, katikati lina vioo, na ndani ya vioo zimepangwa bilauri ambazo hazijawahi kunywewa maji. Dirishani wametundika picha kubwa ya Grünau, mtaa wa maghorofa walioanza kuujenga pembeni mwa Leipzig mwaka 1976. Lengo ukae kwenye kochi, utazame "nje", upigwe picha.

Zamu yangu ikafika. Nikakaa. Nikatazama nje.

Wakuu, sijui niseme vipi. Jengo refu mpaka linatoka nje ya picha. Madirisha sawa kwa sawa, nguo zimeanikwa kibarazani, chini watoto na mpira kwenye kiwanja cha vumbi. Nikasema kwa sauti, na kwa Kiswahili, "Mbona hapa kwetu?" Kijana wa picha akadhani nimekwazika, akaniuliza kama nataka kutoka. Nikatoa simu nikamwonyesha picha niliyopiga kutoka upande wa Kisonge siku naondoka: majumba ya Michenzani, kila moja urefu wake, mwanzo hadi mwisho, karibu mita 300. Akaiweka simu sambamba na ile picha ya dirishani. Akawaita wenzake. Muziki ukapunguzwa, nikajikuta nasomesha historia na skafu shingoni.

Hawakujua. Hawajui kabisa! Mapinduzi yetu tarehe 12 Januari 1964, na wiki chache tu baadaye Zanzibar ikawa ya kwanza Afrika kuitambua nchi yao, wakati ambapo Ujerumani Magharibi ilikuwa inakata uhusiano na yeyote atakayethubutu. Ulipokuja Muungano Aprili mwaka huohuo, mzozo huo ukamwangukia Mwalimu Nyerere. Akawaruhusu wa Mashariki ubalozi mdogo tu Dar es Salaam, Magharibi nao wakanuna wakaondoa msaada wa kijeshi, na Mwalimu akawaambia basi chukueni na uliobaki. Wale vijana wananitazama midomo wazi. Babu zao ndio walitupimia majengo, wajukuu wanakata ndizi.

Nikampigia bibi. Kwetu saa sita usiku, lakini bibi halali kabla redio haijalala. Nikageuza kamera nikampitishia ile sebule taratibu.

"Huko kwa nani?"

"Kwa Wajerumani, bibi. Wanaigiza enzi zao za kale."

"Kabati langu linafanya nini huko?"

Nikamwambia silo. Akasema hebu rudisha kamera. Nikarudisha. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kwa sauti ile ya kikazi, "Waulize, juu huko maji yanapanda?"

Maana sie tunakaa ghorofa ya nne, na ndoo nimezibeba tangu niko skuli ya msingi. Nikamuuliza yule dada: hivi humu bwenini maji yanafika ghorofa ya juu? Hakuelewa swali. Nikarudia kwa Kiingereza. Hakuelewa bado, si maneno, alichokuwa haelewi ni kwa nini mtu aulize. Nikamjibu bibi mwenyewe, "Yanapanda, na ya moto."

Bibi akavuta pumzi. "Ala! Kumbe kosa si la ramani."

#5

Kijana, nimesoma uzi wako nikiwa nimeshika miwani kwa mkono. Mimi nilifika Leipzig mwaka 1984, tukapelekwa Herder-Institut, karibu mwaka mzima wa Kijerumani kabla ya chuo. Chuo chenyewe wakati huo kikiitwa Karl-Marx-Universität. Mengi uliyoyaeleza ni kweli, lakini usiku wenu ulikosa jambo moja kubwa: harufu. Leipzig yote ilikuwa inachoma yale makaa ya mawe ya kahawia. Baridi ikiingia, moshi wake unakaa kooni, ukipenga kamasi asubuhi leso inakuwa nyeusi. Shati jeupe unalivaa mara moja. Mtu akinusa moshi ule leo atalia au atatapika, mimi nadhani ningefanya vyote viwili.

Na jambo la pili ambalo vijana wao hawawezi kuliigiza. Sisi wageni, kwa pasi zetu, tulikuwa tunavuka kwenda Berlin Magharibi na kurudi. Wenyeji hawavuki. Profesa wangu, mtu mzima mwenye mvi, alinisubiri ukumbini darasa limekwisha, akaniomba kwa sauti ya chini nimletee kahawa nzuri na soksi ndefu za mkewe. Mimi wa kutoka Tabora! Nilileta. Alizipokea anatazama mlango. Tangu siku hiyo sikuweza kumuogopa tena kwenye mtihani, na hilo halikunisaidia.

#6

Mzee #5 shikamoo. Endelea tafadhali, soksi zilimtosha?

#7

Mimi sicheki nanyi. Nchi ile ilikuwa na ukuta na askari wanaopiga risasi raia wao wakitaka kuondoka. Ilikuwa na Stasi, polisi wao wa siri, jirani anamchongea jirani. Leo mnavaa mashati yake, mnafungana skafu, mnakula keki. Mtu akifanya hivyo kwa dikteta mwingine mngekuwa mnapiga kelele hapa. Mleta uzi hakuona hata mtu mmoja aliyekasirika usiku ule?

#8 (mleta uzi)

Mzee #5 shikamoo sana, hiyo ya harufu nimemsomea yule dada akaiandika.

Mkuu #7 umeuliza vizuri, nami nilikuwa nalikwepa.

Wako wawili. Wa kwanza ni mwenyeji wa hapahapa Leipzig, tunakaa naye koridoo moja. Hakushuka. Jumamosi asubuhi alinikuta jikoni bado nina wanja wa jana, akaniuliza kama nilifurahi, nikasema ndiyo. Akasema twende nikuonyeshe. Tukaenda Runde Ecke, lile jengo la kona yake ya mviringo katikati ya mji, lilikuwa makao ya Stasi mkoa huu mpaka wananchi walipoingia tarehe 4 Desemba 1989. Sasa ni makumbusho. Kuna mashine za kufungulia barua za watu kwa mvuke na kuzifunga tena, mwenyewe hata usijue. Kuna mawigi na ndevu za bandia. Mie nilitaka kucheka ndevu, nikamtazama, nikaacha. Nje akanionyesha barabara ya mzunguko walipopita watu zaidi ya 70,000 tarehe 9 Oktoba 1989, wana mishumaa, na askari wakashindwa kupiga. Mama yake alikuwemo. Hilo ndilo analokumbuka yeye, na hakuna anayeliandalia keki.

Wa pili ni kaka wa Msumbiji. Yeye alishuka, alikula, alicheza, lakini shati la bluu alikataa hata kulishika. Baba yake mdogo alikuwa miongoni mwa Wamsumbiji zaidi ya 15,000 walioletwa kufanya kazi viwandani huku kwa mkataba wa 1979. Sehemu ya mshahara ikawa inakatwa, wakaambiwa mtazikuta nyumbani. Ukuta ukaanguka, wakarudishwa, wamefika Maputo fedha hazionekani. Wengine wameandamana miaka na miaka, wazee sasa, na bendera za DDR mkononi. Nilimuuliza kwa nini bendera hiyohiyo. Akasema, "Kwa sababu deni lina jina."

Sasa nifanye nini, nisicheke Mbwa Baridi? Nilicheka. Na hayo niliyaona. Sina namna ya kuyapima kwenye mizani moja.

#9

Mie wa Kikwajuni, niruhusuni marekebisho kabla watu hawajanukuu uzi huu. Waliyoyajenga Wajerumani kwa msaada wao ni yale maghorofa ya kwetu Kikwajuni na ya Kilimani, miaka ya sitini. Michenzani mpango wa mji ulikuwa wao, ujenzi ukawa wa serikali ya Mzee Karume wenyewe, na sehemu kubwa kwa nguvu za kujitolea. Waulizeni wazee waliobeba mchanga baada ya kazi. Mzee ameuawa tarehe 7 Aprili 1972 majumba bado yanajengwa. Kwa hiyo bibi kasema kweli kuliko alivyojua, ramani haikuwa na kosa. Na kila mmoja asisahau kwamba kabla ya zege pale palikuwa na mitaa. Sehemu ya Ng'ambo, upande wa mji nje ya Mji Mkongwe, ilivunjwa. Nyumba za udongo na makuti, na visima vyake, na miembe. Wengine wamepewa fleti, wengine walingoja.

#10

Mimi swali langu dogo. Hiyo keki ya mbwa inatengenezwaje? Wanangu wana siku ya kuzaliwa Jumapili na umeme wetu mnaujua.

#11 (mleta uzi)

Wa Kikwajuni ahsante, nimekubali, nimesahihishwa. Bibi mwenyewe alivunjiwa. Nyumba ilikuwa ya baba yake, karibu na ilipo barabara kubwa sasa, na mpaka leo akipita pale na daladala huonyesha kwa kidole: jiko lilikuwa hapo. Kila mara anaonyesha mahali tofauti kidogo. Fleti waliipata baadaye. Mama alizaliwa humo, mie nimelelewa humo. Bibi hajawahi kuniambia kama anaipenda. Ila alipoona ile sebule kwenye simu alisogea karibu mpaka nikawa namuona paji la uso tu.

Dada #10: biskuti za kawaida zile za chai, kakao, sukari ya unga, mafuta ya nazi yaliyoganda. Ukiwa Dar au Unguja joto litayayeyusha, kwa hiyo yayeyushe kabisa, changanya na kakao na sukari, nusu kikombe cha maziwa ya unga ukipenda. Mayai wao huweka mabichi, mie sikushauri. Chukua kopo refu, tandika karatasi, mimina kidogo, panga biskuti, mimina, panga, mpaka juu. Friji usiku kucha. Umeme ukikatika msiikate, subirini. Na jina msiwaambie wageni mpaka wameshakula.

Nusu ndizi yangu, kwa anayeuliza, niliila saa sita usiku nimekaa ngazini na yule wa Ecuador. Alikuwa amehifadhi ya kwake pia. Ngazi za bweni lile zina kituo katikati, pana kidirisha, na baridi ya zege inapenya kwenye gauni. Mie ndo nilikokuwa nafanyia homuweki. Si pale, nyumbani, lakini mwili haukujua tofauti.

Leo asubuhi bibi kaniletea ujumbe wa sauti, dakika tatu. Dakika mbili ni salamu za watu. Mwisho anasema lile kabati huko Ujerumani, tazama kama lina ufunguo, maana wa kwake umepotea tangu mwaka wa Kombe la Dunia la Maradona, na vyombo vyote vizuri vimo ndani. Nimemwambia kabati lake lilichongwa na fundi wa Mwembetanga, mwenyewe kanisimulia mara mia. Kasema yule fundi alisomea wapi, unajua?

Ukumbi umefungwa mpaka Jumatatu. Nitashuka na rula.